Hellcat, Corsair, Zero au Seafire: ndege gani ya manowari ilikuwa ngumu zaidi vitani?

Kila ninapomaliza kuunganisha modeli ya ndege na kuiweka mezani, swali hili linafuata, na wanaoniuliza ni watu wa aina tatu. Yuko anayetaka kununua boksi lake la kwanza la modeli ya plastiki na hataki kupoteza pesa. Yuko anayerusha ndege kwenye simuleta ya kompyuta na amechoka kuishia majini. Na yuko mwanafunzi wa historia aliyepewa Vita Kuu ya Pili ya Dunia upande wa Pasifiki, anatafuta ndege moja ya kuishikilia. Wote watatu huja na neno moja kuhusu ndege hizi nne, Hellcat na Corsair za Marekani, Zero ya Japani na Seafire ya Uingereza: ngumu. Ipi ngumu?

Nami huwauliza: ngumu mbele ya nini? Ndege ya manowari, yaani inayoruka na kutua juu ya meli ya kivita ya kubebea ndege, ina maadui wengi kuliko yule anayeilenga. Jioni ya 20 Juni 1944, katika vita vya Bahari ya Ufilipino, Wamarekani walirusha zaidi ya ndege 200 kuzifuata meli za Japani zilizokuwa mbali mno. Zilizoangushwa na Wajapani hazikuzidi sana 20. Zilizopotea wakati wa kurudi gizani, nyingine zikikaukiwa mafuta na kutua majini, nyingine zikivunjikia juu ya sitaha, zilikuwa karibu 80. Bahari na sitaha zilikula mara nne ya zilizoliwa na risasi. Kwa hiyo anayeniambia ndege fulani ni ngumu kwa sababu ina bamba la chuma nyuma ya kiti cha rubani, namwambia bado hatujaanza kuhesabu.

## Tunapima nini

Kwanza, risasi. Ikipigwa, kinachopasuka ni nini? Injini inayopozwa kwa hewa, yenye silinda zilizopangwa duara puani, inaweza kupoteza silinda na bado ikanguruma kwa muda. Inayopozwa kwa maji ina rejeta na mabomba. Risasi moja ikipita hapo, maji yanamwagika na injini inakufa baada ya dakika chache, kama gari lililochemsha njiani, ila juu ya bahari hakuna pa kuegesha. Matangi nayo yalitofautiana. Mengine yalivikwa mpira unaovimba ukiguswa na petroli na kuziba tundu, mengine yalikuwa bati tupu.

Pili, sitaha. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na ngoma hiyo huchezwa vizuri zaidi juu ya manowari. Kwenye uwanja wa lami rubani anaishusha ndege taratibu. Juu ya sitaha anaibwaga, ndoano ya mkiani inanasa waya wa chuma, na tani kadhaa zinasimama ndani ya makumi machache ya mita. Miguu, shokapu na kiunzi cha mkia ndivyo vinavyolipa gharama.

Tatu, kurudi na kudumu: mafuta yake yanaifikisha wapi, na mafundi wanaiwekaje hai kwenye chumvi. Aliyekulia pwani anajua chumvi inavyolila bati la nyumba. Sasa fikiria bati jembamba la alumini linalolala nje sitahani usiku baada ya usiku.

Kipimo ambacho sitakitumia ni uwiano wa ushindi. Jeshi la wanamaji la Marekani lilihesabu kuwa Hellcat iliangusha ndege 19 kwa kila moja yake iliyopotea katika mapambano ya angani, na Corsair 11 kwa moja. Hayo ni madai ya vitani, na madai ya vitani huvimba pande zote. Isitoshe, kufikia 1944 Japani ilikwisha wapoteza marubani wake wazoefu, na vijana waliobaki walipanda wakiwa na saa chache mno za mafunzo. Ukikutana na namba hizo, zisome kama habari za vita vyote kwa jumla. Juu ya bati na riveti hazikuambii mengi.

## Hellcat, pamoja na kaka yake Wildcat

Huwezi kuielewa Hellcat bila kumpitia kaka yake. Wote wawili ni watoto wa Grumman, kiwanda cha Long Island, New York, ambacho wanamaji walikibandika jina la kiwanda cha chuma kwa namna ndege zake zilivyostahimili kipigo.

Risasi. Tarehe 7 Agosti 1942, juu ya kisiwa cha Guadalcanal, Saburo Sakai, mmoja wa marubani hodari wa Japani, alimkuta Mmarekani James Southerland ndani ya Wildcat iliyokwisha jeruhiwa na ambayo bunduki zake zilikuwa zimekwama. Sakai alimimina mamia ya risasi za milimita 7.7 kwenye mwili na mkia wa ndege ile, na ndege ikaendelea kuruka. Inasimuliwa kuwa alisogea ubavuni kuitazama, akashangaa jinsi ilivyotobolewa kama chekeche. Ilibidi atumie mizinga yake ya milimita 20 ndipo ikashika moto. Hata hapo Southerland alipata nafasi ya kuruka kwa mwavuli, akafika chini hai, na wenyeji wa kisiwa wakamsaidia kurudi kwa wenzake. Tukio hili nalipenda kwa sababu linaonyesha ugumu ulikuwa kwa ajili ya nani. Ndege ilipotea, mtu akabaki.

Hellcat ilichukua tabia hiyo na kuongeza nguvu. Ilipata injini ya Pratt & Whitney R-2800 yenye silinda 18, nguvu farasi 2,000 na kupozwa kwa hewa. Matangi yake yalijiziba, na rubani alizungushiwa bamba za chuma zenye uzito wa karibu kilo 100. Ikiwa imejaa mafuta na risasi ilikaribia tani 6.

Hapa nirekebishe jambo linalorudiwa sana. Wapo wanaosema Hellcat ilichorwa baada ya Wamarekani kuipata Zero iliyoanguka Alaska. Haiwezekani. Hellcat ya kwanza iliruka 26 Juni 1942, na Zero ile iligunduliwa Julai.

Sitaha. Hapa ndipo penye sifa yake kubwa. Bawa pana liliishikilia angani kwa mwendo mdogo, rubani alikaa juu akaiona sitaha mbele yake, na miguu ilikuwa ya kubwagwa. Kijana aliyetoka mafunzoni angeweza kukosea kidogo na bado akashuka mwenyewe kwenda kunywa kahawa. Wildcat haikuwa mpole hivyo. Magurudumu yake yalikaribiana, ikiwa chini ilipenda kuyumba, na rubani aliyakunja kwa mkono, akizungusha mkono wa chuma karibu mara 30 huku anaruka.

Kurudi na kudumu. Mabawa yalikunjwa kuelekea nyuma ubavuni kama ya ndege aliyetua mtini, kwa hiyo ziliingia nyingi kwenye manowari moja. Zilitengenezwa Hellcat 12,275 kati ya 1942 na 1945. Kwa wingi huo, iliyoumia vibaya mara nyingi haikutengenezwa. Iling'olewa vifaa, ikasukumwa baharini, na nyingine ikaletwa. Ugumu wa kikosi wakati mwingine ni ugumu wa kiwanda kilichoko nyuma yake.

Inamfaa nani. Anayeanza, kwa simuleta na kwa modeli. Umbo lake ni nene na mistari yake imenyooka, ingawa kwa kasi Corsair inaiacha, na kwa kukata kona Zero inaicheza. Na ukiwa mtu wa Mombasa, angalia Wildcat kwa jicho la pili. Waingereza waliiita Martlet, na Mei 1942 Martlet kutoka manowari Illustrious zililinda anga la Diego Suarez wakati wa uvamizi wa Madagaska. Mwaka huohuo bandari ya Kilindini ilikuwa kituo kikuu cha kundi la manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwezi Aprili.

## Corsair

Hii ndiyo iliyoniletea ubishi mwingi kuliko zote, na ndiyo niliyoisoma kwa muda mrefu zaidi.

Anza na bawa lake, lililopinda kama herufi W ukiitazama kwa mbele. Kiwanda cha Vought kilichukua injini ileile ya R-2800 kikaifungia pangaboi lenye upana wa zaidi ya mita 4. Pangaboi kubwa hivyo lingegonga chini, au miguu ingekuwa mirefu na dhaifu. Kikalikunja bawa kushuka, na miguu ikaanzia pale lilipofika chini kabisa, mifupi na minene. Oktoba 1940 ndege hii ilipita maili 400 kwa saa, yaani karibu kilomita 650, katika mruko wa kawaida usio wa kupiga mbizi.

Risasi. Mwili wake ni mgumu kweli. Tarehe 10 Mei 1945 karibu na Okinawa, Robert Klingman wa kikosi cha anga cha Marines, askari wa majini wa Marekani, aliifukuza ndege ya upelelezi ya Japani hadi zaidi ya mita 10,000 juu, ambako baridi iligandisha bunduki zake. Alikataa kurudi mikono mitupu. Akaisogelea kwa nyuma na kuukata mkia wake kwa pangaboi, akarudia, akarudia tena, mpaka ndege ile ikaanguka. Mafuta yalimwishia akiwa njiani, akatua Okinawa injini imezima, ncha za pangaboi zimeliwa.

Lakini isikudanganye kwamba yote ni chuma. Sehemu ya nje ya mabawa yake, nyuma ya mhimili mkuu, kwenye matoleo ya wakati wa vita ilivikwa kitambaa. Matangi ya mabawani ya matoleo ya mwanzo hayakuwa na mpira wa kujiziba. Na vipozeo vya oili vilikaa kwenye mashina ya mabawa, wazi kwa anayepiga kutoka chini. Udhaifu huo haukuonekana sana dhidi ya ndege, ukaonekana Korea, ambako Corsair zilitumwa kupiga askari wa nchi kavu. Toleo lililotengenezwa baadaye kwa kazi hiyo lilisogezewa vipozeo ndani zaidi na kuongezewa bamba.

Siwezi kutaja Corsair na Korea nikampita Jesse Brown, kijana wa Hattiesburg, Mississippi, Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya jeshi la wanamaji la nchi yake. Tarehe 4 Desemba 1950, karibu na bwawa la Chosin, risasi ya kutoka ardhini iliipata Corsair yake na injini ikaishiwa nguvu. Aliishusha kwa tumbo juu ya theluji mlimani. Mwili wa ndege ukapinda penye chumba cha rubani na kumbana mguu. Mwenzake Thomas Hudner, akiona moshi unatoka puani na Brown hatoki, aliibwaga Corsair yake mwenyewe kando yake makusudi, akakimbia na kuanza kurundika theluji kwenye injini kwa mikono. Hakuweza kumtoa. Brown alifia pale. Ndege ile ilimfikisha chini akiwa hai, na bati lake hilohilo likamfunga. Ukipima ugumu, pima na hilo.

Sitaha. Mwanzoni ilikuwa balaa. Bunduki 6 zilijaza mabawa, tangi kuu likalazimika kukaa mwilini mbele ya rubani, na kiti kikarudishwa nyuma. Pua ikawa ndefu mno, rubani akiinua kichwa cha ndege kutua haoni sitaha. Bawa la kushoto lilipoteza nguvu kabla ya la kulia kwa mwendo mdogo, na shokapu ziliidundisha ikavuka waya bila kunasa. Jeshi la wanamaji la Marekani likaiweka kando kwa kazi za sitaha, likawapa Marines waitumie kwenye viwanja vya visiwani, ambako waliing'arisha kuanzia Februari 1943. Waingereza walianza kuitumia kwenye manowari zao kabla ya Wamarekani kuiruhusu kwa wingi. Walikuja kwa kona ya kuzunguka ili rubani aione sitaha hadi mwisho, na wakapunguza ncha za mabawa zienee kwenye karakana zao fupi. Aprili 1944 Corsair za manowari Victorious zililinda mashambulizi dhidi ya Tirpitz, meli kubwa ya kivita ya Ujerumani, nchini Norway. Shokapu zilirekebishwa, na kipande kidogo cha kona kikabandikwa mbele ya bawa la kulia ili mabawa yote yachoke pamoja.

Kurudi na kudumu. Iliendelea kutoka kiwandani hadi miaka ya 1950, jumla zaidi ya 12,500. Mwaka 1969, katika vita vya Honduras na El Salvador, Corsair bado zilipigana. Kwa ndege iliyoruka mara ya kwanza Mei 1940, sijui ushahidi gani zaidi unahitajika.

Inamfaa nani. Mwenye subira. Kwenye simuleta itakuadhibu kwenye kila kutua hadi ujifunze ile kona ya Waingereza. Kwenye modeli, kona ya bawa ndiyo mtihani: ukikosea nyuzi kidogo, macho yanaona mara moja.

## Zero

Wengi huipa sifuri kwenye ugumu na kwenda zao. Naona wanaionea.

Risasi. Hapa kweli ilikuwa dhaifu, na iliundwa hivyo kwa makusudi. Jiro Horikoshi wa Mitsubishi alitakiwa kutoa ndege yenye kasi, mizinga na mwendo mrefu, akiwa na injini ya nguvu farasi zisizofika 1,000. Njia ilikuwa moja: uzito. Wakatumia alumini mpya nyepesi na yenye nguvu, wakatoboa kila kilichoweza kutobolewa, bamba la rubani na mpira wa matangi vikaachwa. Toleo la mwanzo lilikuwa na uzito wa takriban tani 2.4 likiwa limejaa, chini ya nusu ya Hellcat. Lilipopigwa kwenye tangi, liliwaka. Matoleo ya baadaye yaliongezewa vizima moto na bamba, lakini kufikia hapo injini ilikuwa imezidiwa.

Zero ya Alaska niliyoitaja ni mfano mzuri. Tarehe 4 Juni 1942 risasi ilikata bomba la oili la ndege ya Tadayoshi Koga. Alijaribu kutua kisiwani Akutan, magurudumu yakazama kwenye tope na ndege ikapinduka. Koga alikufa. Ndege ilibaki karibu nzima, na mwezi Septemba Wamarekani walikuwa wanairusha San Diego.

Sitaha. Magurudumu yaliyoachana, mwendo mdogo wa kutua, rubani anaona vizuri. Juu ya sitaha ilikuwa ndege ya kuaminika.

Kurudi na kudumu. Siku ileile ya 7 Agosti 1942, muda mfupi baada ya Southerland, Sakai mwenyewe alipigwa na wapiga bunduki wa nyuma wa ndege za mabomu za Marekani. Risasi ilimjeruhi kichwa, jicho la kulia likapoteza kuona. Aliirusha Zero hiyo kwa karibu saa tano, zaidi ya kilomita 1,000 juu ya bahari, akatua Rabaul, kituo cha Wajapani. Hellcat ingepata shida ya mafuta kwenda, kupigana na kurudi njia yote ile. Ndege isiyomlinda rubani wake na risasi ndiyo iliyomrudisha nyumbani kwa sababu haikuwa na njaa. Kilichoiangusha Zero kwenye kudumu kilikuwa nyuma ya mstari. Mabawa na kiini cha mwili viliungwa kitu kimoja, kwa hiyo bawa lililoharibika halikubadilishwa kwa urahisi. Na kiwanda cha Nagoya hakikuwa na uwanja wa ndege, hivyo ndege za kisasa kabisa zilisafirishwa kilomita karibu 50 juu ya mikokoteni ya ng'ombe kwenda kurushwa.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa historia, kwanza kabisa, kwa kuwa ndani yake utaona nchi nzima ikichagua na kulipia uchaguzi wake. Kwenye simuleta inamfaa anayejua kutopigwa.

## Seafire

Hii ni Spitfire, ndege maarufu ya kivita ya Uingereza, iliyopewa ndoano. Kwa risasi ina ulinzi wa rubani, lakini injini yake ya maji na rejeta chini ya mabawa ni tatizo nililolieleza. Kwa sitaha ilikuwa ngumu kuishi nayo: miguu myembamba iliyokaribiana, na ikinasa waya mkia uliinuka na pangaboi kuchimba sitaha. Salerno, Italia, Septemba 1943, upepo ukiwa haba na manowari zikiwa ndogo, ajali za kutua zilizimaliza kuliko Wajerumani, hadi mafundi wakakata ncha za pangaboi kidogo ili zisiguse. Kwa mwendo ilikuwa fupi.

Na bado, asubuhi ya 15 Agosti 1945, siku ya mwisho ya mapigano, Seafire za manowari Indefatigable zilikutana na Zero karibu na Tokyo, zikaangusha kadhaa na kupoteza moja. Kwa kupanda juu haraka ilikuwa na wachache wa kulingana nayo. Inamfaa anayeipenda Spitfire tayari na yuko tayari kuibembeleza, au anayetaka kulinda meli yake kwa karibu.

## Ukiwa katika hali hii, chukua hii

Unaanza simuleta na unataka kutua leo: Hellcat. Umeshamudu kutua na unataka ndege itakayokufunza mwaka mzima: Corsair, na anzia uwanja wa kisiwani kama Marines walivyofanya, sitaha baadaye.

Safari yako ni ndefu, bahari ni kubwa na huna mpango wa kupigana uso kwa uso: Zero, mradi ukumbuke kutopiga mbizi kwa kasi, kwani usukani wake huwa mzito kama uliokwama. Unalinda manowari yako na adui yuko dakika tano tu: Seafire.

Unaandika insha kuhusu ugumu wenyewe: weka Wildcat ya Southerland na Zero ya Sakai kwenye ukurasa mmoja, siku moja, anga moja. Insha kuhusu nini huwapata watu ndani ya ndege ngumu: Corsair mbili juu ya theluji ya Chosin.

Na kwa modeli ya kwanza, kama unaishi karibu na Kilindini, tafuta boksi la Martlet lenye alama za Illustrious. Paka rangi ya bahari, tia ukungu wa chumvi kwenye kingo za mabawa kwa brashi kavu, na iache miguu ile iliyokaribiana iegemee upande kidogo, kama ilivyokuwa ikisimama.